Ng'arisha kipande chako kwanza

Mwaka wa pili wa masomo yangu ya vyuma niliona mistari myembamba kwenye kipande cha chuma chini ya hadubini, nikaichora daftarini na kuipa jina kwa kujiamini. Mwalimu wa maabara akaja, akatazama kitambo, akakichukua kile kipande na kukigeuzageuza kwenye mwanga. "Hii ni mikwaruzo ya msasa," akasema. "Rudi mezani."

Nikarudi. Msasa namba 240, 400, 600, 800, 1200, na kila ukibadili unageuza kipande ili mikwaruzo mipya ikate ile ya zamani. Kisha kitambaa chenye alumina, unga laini wa kung'arishia. Kisha tindikali ya naitriki iliyozimuliwa kwa alkoholi, sekunde chache tu, maji, hewa ya moto. Saa mbili na zaidi kwa kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mistari yangu ikatoweka yote, na chini yake kulikuwa na kitu kingine kabisa.

Siku ile ndipo mwalimu aliponisimulia habari za Ke Jun, mtaalamu wa vyuma wa China. Tangu hapo, kijana akiniuliza aanzie wapi katika elimu ya vyuma, naanza na mtu huyo.

Alizaliwa Changchun, kaskazini mashariki mwa China, mwaka 1917. Wajapani walipoivamia Manchuria mwaka 1931 alikuwa na miaka 14. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Wuhan, akahitimu mwaka 1938 nchi ikiwa vitani, halafu akaenda Uingereza, Birmingham, akapata shahada ya udaktari mwaka 1948 na kubaki hapo akifundisha.

Pua, yaani chuma chenye kaboni kidogo ndani yake, ikiiva motoni ukaitosa majini hupata umbile liitwalo martensiti, gumu lakini jepesi kuvunjika. Ukiiacha ipoe taratibu hupata perliti, iliyo laini zaidi. Katikati ya hayo mawili, takriban nyuzi joto 250 hadi 550, huzaliwa beiniti, iliyopewa jina la Mmarekani Edgar Bain. Swali lilikuwa: atomu za chuma huhama vipi beiniti inapozaliwa? Mojamoja, kama watu wanaotoka msikitini kila mtu na njia yake, au kwa pamoja, kama safu ya askari wanaopiga hatua moja?

Ke Jun aliung'arisha uso wa chuma hadi ukawa kioo, kisha akaacha mageuzi yatokee uso ukiwa vilevile. Uso ukainuka. Kila palipoota kipande cha beiniti palitokea kijimwinuko. Akasema ni safu ya askari, kwani atomu zinazohama mojamoja haziinui uso namna hiyo. Kaboni ndiyo inayojipenyeza taratibu, na ndiyo inayoifanya beiniti ikue polepole kuliko martensiti. Yeye na mwenzake S. A. Cottrell walichapisha matokeo hayo mwaka 1952. Wataalamu wengine walipinga, na ubishi haujaisha mpaka leo. Lakini kila anayeingia katika ubishi huo lazima autolee maelezo ule mwinuko. Kwa hiyo mdogo wangu, usimwachie mtu mwingine kazi ya kung'arisha. Hoja yako yote imelala juu ya uso ule.

Kufikia mwaka 1954 alikuwa amesharejea China, katika chuo cha chuma na pua cha Beijing kilichofunguliwa mwaka 1952, ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Beijing. Hapo alianzisha masomo ya fizikia ya vyuma, akafundisha kwa miongo mingi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote inakuja alipokuwa amevuka miaka 50. Mwaka 1972, katika kijiji cha Taixi, Gaocheng, mkoani Hebei, wachimbaji wa mambo ya kale walipata shoka la bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) la enzi ya wafalme wa Shang, lenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, makali yake yakiwa ya chuma. Wapo waliosema kwamba basi Wachina walijua kuyeyusha chuma mapema kuliko ilivyodhaniwa. Makali yenyewe yalikuwa yameliwa na kutu. Ke Jun na wenzake wakaiweka kutu ile chini ya vyombo, wakakuta metali za nikeli na kobalti zimejipanga kwa matabaka. Matabaka ya namna hiyo hayatoki katika tanuri la binadamu. Huhitaji chuma kilichopoa taratibu mno, kwa mamilioni ya miaka, ndani ya mwamba wa angani. Mhunzi yule alikuwa amefua kipande cha kimondo.

Mtaalamu wa pua akawa mwanahistoria bila kubadili hadubini. Niliposikia hayo niliacha kuogopa kazi zilizo nje ya cheti changu. Miaka michache baadaye niliitwa kutazama shafti ya mashine ya kusaga mahindi iliyokatika, na kijana aliyekuwa zamu alikuwa ameshaambiwa atalipa. Nikausafisha mpasuko kwa brashi laini. Mikunjo ilionekana kama alama za maji kupwa ufukweni, yote ikianzia kwenye kishimo cha kulehemu kwa zamani. Shafti ile ilikuwa ikichoka, ufa ukikua kidogo kidogo, miezi mingi kabla ya zamu yake. Hakulipa.

Ke Jun alifariki mwaka 2017, akiwa ametimiza miaka 100.

Ukitaka kuanza bila maabara, tafuta jani la springi ya gari lililotupwa, likatwe vipande viwili vidogo. Vaa miwani ya kinga. Vitie vyote kwenye makaa mpaka sumaku isivishike, na kidogo zaidi. Kimoja kitose majini, kingine kifukie kwenye jivu mpaka kesho yake. Kile cha majini kikipasuka usikitupe, utazame mpasuko wake. Kisha chukua tupa upitishe juu ya vyote viwili: kwenye kimoja itateleza kama iko juu ya kioo, kwenye kingine itauma.