Kuigiza sauti ya gitaa la solo kwenye rekodi ya zamani

Kaka, unasema mchoro wa ekwalaiza yako (kifaa cha kupandisha au kushusha sauti za chini, za kati na za juu) umefanana kabisa na wa rekodi, lakini gitaa bado halisikiki kama lile. Shida ni kwamba kichanganuzi, yaani kile kinachochora nguvu ya sauti za chini hadi za juu, kinakuonyesha wimbo mzima: besi, ngoma, matoazi, hata waimbaji. Tafuta pale gitaa lilipo peke yake, mara nyingi mwanzoni. Hata sekunde mbili zinafaa. Weka kichanganuzi kionyeshe wastani wa kipande hicho, kisha piga nota zilezile, mahali palepale shingoni. Ukipiga nyingine, vilima vya mchoro vitahama na utakuwa unafukuza nota, si toni. Sawazisha pia ukubwa wa sauti yako na wa rekodi, la sivyo iliyo juu itakudanganya.

Chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) kata tu, maana uzi mnene wa E ukiwa wazi uko hezi 82 hivi. Juu ya hezi 5,000 spika ya gitaa hushuka ghafla. Unachokiona huko kwa wingi ni matoazi na ile shhh ya tepu. Katikati ndiko kwenye kazi: pandisha au shusha maeneo mapana, kwa desibeli 3 au 4.

Distosheni, ule mkwaruzo wa sauti, lakini hailetwi na ekwalaiza. Hiyo itafute kwenye geini ya amplifaya (kitufe cha kuongeza nguvu ya sauti inayoingia) kabla hujagusa kingine chochote.