Maswali na majibu: Saa uliyoekspoti sio saa ya data

Mmeandika sana kuhusu kuweka tarehe na saa kwenye data mnazotoa kwenye dashibodi. Yanayofanana nimeyaunganisha, na yale ya "mkuu haifanyi kazi nisaidie" bila kusema ni nini hakifanyi kazi nimeyaacha hukohuko.

Naekspoti kwenda Excel halafu naweka =NOW() juu ya jedwali ili bosi ajue ripoti ni ya lini. Akifungua kesho yake inaonyesha tarehe ya kesho. Kwanini?

Hili tena! NOW na TODAY zinajihesabu upya kila faili likifunguliwa, kwahiyo ripoti yako haizeeki, hata mwakani itadai ni ya leo. Bonyeza Ctrl na nukta-mkato upate tarehe isiyohama, ongeza Shift upate saa. Kama ushaweka NOW, kopi hiyo seli kisha pesti thamani tu.

Kwenye Power Query (sehemu ya Excel na Power BI ya kuvuta na kusafisha data) nimetumia DateTime.LocalNow, ile fomula ya saa ya sasa. Kwenye laptop yangu saa iko poa, nikishapablishi kwenye Power BI, programu yetu ya dashibodi, inakuwa tofauti. Ni bagi?

Sio bagi, hiyo hesabu sasa inafanyika kwenye seva na seva inatumia UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, haijui wewe umekaa wapi. Tumia DateTimeZone.UtcNow, ukitaka kuonyesha saa ya kwenu igeuze mwishoni kwa DateTimeZone.SwitchZone. Ila unapohifadhi, hifadhi UTC. Wenye nchi zinazorudisha saa nyuma kila mwaka wananielewa, usiku ule kuna saa nzima inayopita mara mbili na ukiwa umeandika saa ya ukutani tu huwezi kujua muamala ulikuwa wa raundi ya kwanza au ya pili.

Faili langu lina tarehe ya leo, nimeekspoti leo, ila bosi anasema data ni za zamani. Nani yuko sahihi?

Bosi. Ukinunua leo gazeti la juzi, habari zinabaki za juzi. Watu wanagonga muhuri wa muda wa kuekspoti halafu wanatembea kifua mbele, wakati huo ndio muda wenye maana ndogo kuliko yote. Kuna muda tukio lilipotokea, kuna muda data ilipoingia kwenye ghala la data, kuna muda dashibodi ilipojirifreshi, ndio unafuata wewe na kitufe chako.

Na msidanganyike na rifreshi pia. Rifreshi inaweza kumalizika salama, alama ya kijani, wakati mzigo wa data wa usiku kutoka kwenye mfumo wa mauzo ulikwama tangu Jumamosi, kwahiyo imevuta mistari ileile ya zamani na kukupongeza. Dawa ni kuchukua MAX (yaani muda wa karibuni kuliko wote) ya kolamu inayosema mstari uliingia lini kwenye ghala, uiweke kwenye dashibodi na kwenye faili. Nimesema kolamu ya kuingia, sio tarehe yoyote utakayoikuta, maana ukishika tarehe ya kumfikishia mteja bidhaa utaambiwa data ni ya mwezi ujao. Wa DAX, lugha ya fomula za Power BI, nao waangalie: NOW kwenye meja (fomula inayokokotolewa ripoti inapofunguliwa) inakupa muda ripoti inapoangaliwa, kwenye kolamu ya kukokotoa inakupa muda wa rifreshi. Kabla hujaanza kubishana na bosi hesabu na mistari kabisa, ukiekspoti jedwali la Power BI kwa CSV mwisho ni mistari 30,000 na kwa Excel 150,000, zaidi ya hapo imekatwa.

Nimeandika 03/04/2025, mwenzangu anasoma Machi mimi nasoma Aprili.

2025-04-03. ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe kwa mwaka-mwezi-siku, ipo tangu 1988, hakuna sababu ya kuendelea kuteseka.

Windows inakataa nikiweka 14:30 kwenye jina la faili.

Nukta pacha hairuhusiwi kwenye jina. Andika mauzo_20250403T1130Z, hiyo Z maana yake UTC (14:30 ya Afrika Mashariki ni 11:30 UTC), na majina yatajipanga yenyewe kwa tarehe. Halafu achaneni na mauzo_mpya_mwisho_mwisho2. Ila usiishie kwenye jina, weka kolamu ya muda kwenye kila mstari, maana siku mtu akiunganisha mafaili ya miezi sita majina yanapotea na hutajua mstari upi ulitoka kwenye faili lipi.

Nikibadilisha muda kidogo ionekane ripoti niliitoa jana kabla ya dedilaini kuna shida?

Ipo. Power BI na mifumo mingine mingi inaweka logi ya nani kaekspoti nini na saa ngapi, na logi hiyo inasomwa na admini sio wewe. Omba siku moja ya ziada.