Maswali ya Wasomaji: Uamuzi Mgumu Unaokunyima Usingizi

SWALI: Nimefanya kazi mahali pamoja kwa miaka 4 na nimechoka. Nimepata nafasi kwingine, kwenye fani niliyosomea, ila mshahara ni pungufu kwa mwaka wa kwanza. Nimepewa siku 10 za kujibu. Kila nikikaa kulifikiria, kichwa kinazunguka, naahirisha. Nianzie wapi?
Msomaji aliye njia panda

JIBU: Anza kwa kulitoa kichwani uliweke kwenye karatasi. Mwaka 1772 Joseph Priestley, mwanasayansi wa Uingereza, alimwomba rafiki yake Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, ushauri kuhusu jambo lililomtatiza. Franklin hakumwambia aamue nini, alimweleza namna ya kuamua. Akasema mambo haya hutushinda kwa sababu hoja zote haziji akilini kwa wakati mmoja: leo unaona za upande huu, kesho za upande ule, na zilizotangulia umeshazisahau. Dawa yake ilikuwa kugawa karatasi kwa mstari katikati, huku za kukubali na huku za kukataa, na kuandika kila hoja inapojitokeza kwa siku 3 au 4. Baada ya hapo unafuta zinazolingana uzito: moja ya huku kwa moja ya kule, au moja nzito kwa mbili nyepesi za upande wa pili. Unaangalia upande uliobakiwa na hoja.

Njia hiyo bado ni nzuri, lakini wengi huiharibu mwanzoni kabisa. Juu ya karatasi wanaandika “Nifanyeje na kazi yangu?” Hilo halijibiki. Andika swali la ndiyo au hapana, lenye tarehe: “Je, niikubali nafasi hii kabla ya Ijumaa ijayo?”

Kosa la pili ni kuandika hofu bila kuipima. “Mshahara mdogo” ni maneno mawili yanayoweza kumtisha mtu mwezi mzima. Yavunje: ni pungufu kiasi gani kwa mwezi, kwa miezi mingapi, na akiba yako inaziba pengo hilo kwa miezi mingapi? Ukigundua pengo ni la miezi 12 na akiba inafika mwezi wa 5, sasa unajua unachotafuta ni namna ya kuziba miezi 7. Hilo ni tatizo lenye ukubwa, na lenye ukubwa hushughulikiwa.

Angalia pia usiandike hofu moja mara tatu kwa majina tofauti. “Usalama”, “uhakika” na “huku wananifahamu” mara nyingi ni kitu kimoja. Na ile miaka 4 usiiweke upande wowote. Imeshapita, haitarudi ukibaki wala ukiondoka. Kinachohesabika ni kile utakachopata au kukosa kuanzia leo.

Upande wa hasara utauona mzito kuliko ulivyo. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza hili mwaka 1979: kupoteza kitu hutuuma kuliko tunavyofurahia kupata kinacholingana nacho. Ili kupima kama mizani yako imepinda, geuza swali. Tuseme tayari uko kwenye kazi mpya, na ile ya zamani inakuita urudi kwa nyongeza inayolingana na lile pengo la mshahara. Ungerudi? Ukijibu hapana haraka, basi kinachokushika hapo ulipo ni mazoea.

Siku zako 10 zigawe hivi: 4 za karatasi, 2 za kuuliza, 1 usiiguse kabisa, na siku ya 8 asubuhi unaamua. Mbili zilizobaki ni akiba. Katika kuuliza, watu wawili wanatosha, mmoja anayefanya kazi hiyo sasa na mwingine aliyeiacha. Ukiuliza watu kumi, kila mmoja atakupa hofu yake uibebe.

SWALI: Mnasema kukabili maamuzi magumu kuna faida. Mimi naona ugomvi na lawama tu. Huu ni mwaka wa pili nashindwa kumwambia kaka yangu kwamba nataka kutoka kwenye biashara yetu. Nachelea kuvunja undugu.
Msomaji mwenye moyo mzito

JIBU: Woga wako una msingi, hatutaupuuza. Lakini hesabu pia unachokilipa sasa. Simu yake ikiita tumbo linakaza. Unaweka mipango ya miezi mitatu mbele ukijua hutaitimiza. Kila mzigo mpya unaochukuliwa kwa mkopo ni deni jingine la kugawana siku ya kuachana. Mwaka juzi pengine mngegawana mali na kupeana mikono, ila kila mwezi unaopita unafunga mlango mmoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa matumbo ni mawili, maana na kaka yako anapanga maisha yake kwa kutegemea jambo ambalo si kweli.

Faida kubwa zaidi iko ndani yako. Ukiahirisha unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha moyo kukwepa tena, hivyo woga unakua. Ukilikabili jambo moja likapita, hata kwa maumivu, moyo unajifunza kwamba maumivu yale yana mwisho. Jambo linalofuata utalianza ukiwa na ushahidi huo. Wanasaikolojia Thomas Gilovich na Victoria Medvec, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1995, waliona kuwa kwa muda mfupi watu hujutia zaidi walichokifanya, lakini wakiangalia nyuma katika maisha yao hujutia zaidi ambacho hawakukifanya.

Sasa namna ya kusema. Andaa hesabu kwanza: mali iliyopo, madeni mnayodai, mnayodaiwa, fedha taslimu. Chagua wakati ambao hakuna mteja wala mtoto anayesubiri. Msalimie kama kawaida, kisha ingia kwenye neno ndani ya dakika 5: “Kaka, nimeamua kutoka kwenye biashara mwisho wa mwezi wa sita. Nimekuja tupange jinsi ya kugawana bila kuumizana.” Halafu nyamaza, umwache aseme.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanasema “nafikiria kutoka” wakati wameshaamua, na ndugu kwa haki kabisa anaanza kuwabembeleza. Au wanafufua makosa ya miaka yote ili uamuzi uonekane wa haki, mazungumzo yanageuka kesi. Sababu moja ya kweli inatosha. Akikasirika, usijibu hasira siku hiyo. Mwachie karatasi ya hesabu, mpange siku ya kurudi mezani.

SWALI: Nimeshaamua, lakini kila usiku naghairi. Nifanye nini?
Msomaji asiyetulia

JIBU: Usiku, ukiwa umechoka au una njaa, usiufungue upya uamuzi ulioufanya mchana ukiwa na akili timamu. Andika sababu 3 zilizokufanya uamue na tarehe ya kupitia upya, tuseme baada ya siku 90. Wasiwasi ukija, jiulize: kuna habari mpya ambayo sikuwa nayo? Ikiwepo, fungua. Kama ni hofu ileile, ngoja tarehe ifike.

Halafu chukua hatua ya kwanza ndani ya saa 24, na uipangie saa na mahali: “Jumatatu saa 3 asubuhi, nikifika ofisini tu, nakabidhi barua.” Uamuzi usio na hatua ni rahisi mno kuughairi.

SWALI: Kuna maamuzi ya kuahirisha?
Msomaji mwenye haraka

JIBU: Yapo. Katika siku za mwanzo za msiba, ukiwa na homa, au baada ya kukesha, usiuze mali wala kutia saini jambo lisilorudi nyuma kama linaweza kusubiri. Mambo yanayorekebishika kwa urahisi yaamue hata leo, hayastahili karatasi wala siku 10. Ila ukiwa unapigwa au kutishiwa maisha, usingoje orodha. Ondoka kwanza uwe salama.

Na kama kwa wiki 2 au zaidi unashindwa kuamua hata nguo ya kuvaa, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, na hakuna kinachokufurahisha, nenda ukamwone daktari. Kushindwa kuamua ni mojawapo ya dalili za sonona, na ugonjwa huo unatibika.