Kabla hujamchana mtu, soma mkataba wako

Oya, kwa madogo mnaoniuliza kila siku kama mjibu disi (ngoma ya kumchana msanii mwenzako) au mnyamaze, ngoja niwaambie yaliyonikuta. Nilikuwa chini ya lebo moja hivi, yaani kampuni ya muziki iliyonisaini, meneja akanipigia usiku eti yule jamaa wa lebo ya pili kakurushia dongo, mchane kesho kabla halijapoa. Hata sikuuliza dongo lenyewe liko wapi. Nikaandika mpaka alfajiri, nikamgusa mpaka mama yake, ngoma ikatoka ikabamba kinoma, wiki mbili najiona simba. Hesabu zilipokuja sasa! Video, promo, studio, vyote vimekatwa kwenye fungu langu na bado nadaiwa. Na jamaa naye kumbe kasaini mkataba kama wangu tu.

Hata wakubwa ni hivyo hivyo. 2007 marapa wa Marekani 50 Cent na Kanye West walitoa albamu siku moja, Septemba 11, 50 akaapa akishindwa haachii tena albamu ya peke yake (akaachia, tulijua tu), mashabiki wakagawana timu, Kanye akauza kama 957,000 wiki ya kwanza, 50 kama 691,000. Nani kala? Universal, kampuni kubwa yenye lebo zao, maana wote walikuwa humo humo. 2024 Kendrick Lamar na Drake wakachanana vilevile, huyu lebo ya Interscope yule Republic, juu yao Universal, mpaka Drake akaishia kuishtaki kampuni inayotoa nyimbo zake mwenyewe, na 2025 jaji akaitupa kesi.

Kwa hiyo toa mkataba uangalie masta (rekodi zenyewe za nyimbo) ni za nani, promo inalipwa na nani, na ukishtakiwa kwa ulichokitamka wakili ni juu ya nani. Hicho cha mwisho mimi sikukiona kabisa.

Na bosi akikuchochea sana, shtuka. Suge Knight, bosi wa Death Row, lebo ya Tupac, alipanda jukwaani New York 1995 akamponda bosi wa Bad Boy, lebo ya Biggie, mbele ya watu. Tupac akauawa Septemba 1996, Biggie Machi 1997, hakuna aliyefikisha miaka 26. Mabosi wakabaki.

Mimi na jamaa tulikutana baadaye, nikamuomba radhi kwa ule mstari wa mama yake, akanielewa, akaniuliza tu kwa nini wimbo bado upo hewani. Nikamwambia siwezi kuushusha, masta sio zangu.