Jibu: Phi Beta Kappa ni chama cha siri?

Mkuu, umeuliza kama Phi Beta Kappa, chama cha wanafunzi wa vyuo vya Marekani, ni chama cha siri. Kilikuwa, siku hizi hapana. Wanafunzi wa Chuo cha William and Mary, Virginia, walikianzisha tarehe 5 Desemba 1776, kikiwa na kiapo na namna yake ya kupeana mikono. Mwaka 1831 tawi la Chuo Kikuu cha Harvard likaachana na usiri, maana Wamarekani walikuwa wamewashupalia Freemason, chama kingine cha siri. Leo ni heshima ya wanafunzi waliofaulu vizuri. Wanavaa kifunguo kidogo cha dhahabu, ambacho zamani kilitumika kweli kutilia ufunguo saa ya mfukoni!

Chama cha siri unachokifikiria nadhani ni Skull and Bones, cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, kilichoanzishwa 1832. George W. Bush na John Kerry, wapinzani wa uchaguzi wa urais wa Marekani wa 2004, wote walitokea humo.