Wasomaji Wanauliza: Wolf Biermann, gita moja na dola zima

SWALI: Nimesikia kwamba Ujerumani Mashariki, ile iliyosaidia kujenga majumba ya ghorofa ya huku kwetu Kikwajuni, iliwahi kumvua uraia mwimbaji akiwa bado jukwaani. Kuna ukweli? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Upo, ila hakuwa jukwaani. Zilipita siku 3 baada ya tamasha.

Mwimbaji huyo ni Wolf Biermann, aliyezaliwa Hamburg tarehe 15 Novemba 1936. Baba yake, Dagobert, alifanya kazi bandarini. Alikuwa Myahudi na mkomunisti, na Wanazi walimuua katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1943. Hilo lishike, maana bila hilo mengine yote hayaeleweki. Mwaka 1953, wakati Wajerumani kwa maelfu wakihamia Magharibi, kijana huyu wa miaka 16 alishika njia ya kwenda Mashariki, peke yake, akiamini kwamba ndiko unakojengwa ulimwengu alioufia baba yake. Akasoma, akawa msaidizi wa waongozaji wa michezo ya kuigiza katika ukumbi wa Berliner Ensemble, na kuanzia mwaka 1960 akawa anatunga nyimbo.

Nyimbo zenyewe ziliwachoma wakubwa kwa sababu mkosoaji alikuwa wa nyumbani. Mkosoaji wa Magharibi ungemwita kibaraka wa mabepari, mambo yakaisha. Mwana wa mkomunisti aliyeuawa Auschwitz utamwitaje? Desemba 1965 chama tawala cha Mashariki kikampiga marufuku kabisa: asipande jukwaani, asichapishwe.

Miaka 11 baadaye chama cha wafanyakazi wa vyuma cha Ujerumani Magharibi, IG Metall, kilimwalika, na safari hii akapewa ruhusa ya kutoka. Tarehe 13 Novemba 1976 aliimba katika mji wa Köln, huko Magharibi, mbele ya watu wapatao 7,000, kwa zaidi ya saa 4. Tarehe 16 shirika la habari la serikali yake likatangaza kwamba si raia tena.

Kwa nini wasubiri atoke kwanza? Sheria yao ya uraia ya mwaka 1967, kifungu cha 13, iliruhusu kumvua mtu uraia kwa kukiuka vibaya wajibu wake, lakini raia huyo sharti awe anaishi au yuko nje ya nchi. Akiwa sebuleni kwake Berlin, kifungu hakikumgusa. Ndiyo maana wengi huiona ile ruhusa kuwa mtego, nasi hatuoni sababu ya kuwabishia.

Walichokosea ni hesabu ya kilichofuata. Kesho yake waandishi wakubwa wa nchi hiyo, Christa Wolf na Stefan Heym wakiwemo, waliandika barua ya wazi kuiomba serikali ifikirie upya. Walioiunga mkono wakapita 100. Halafu televisheni ya Magharibi ikaonyesha tamasha la Köln, na mawimbi yake yalivuka mpaka bila kuomba viza. Watu waliokatazwa kumsikia kwa miaka 11 wakamwona wakiwa majumbani mwao.

SWALI: Aliwezaje kutoa sahani ya santuri huku amepigwa marufuku? Mimi hurekodi nyumbani kando ya barabara kuu na makelele yananishinda. (Mpiga gita, Mombasa)

JIBU: Alirekodi nyumbani kama wewe. Alikaa Chausseestraße namba 131, Berlin Mashariki, kwenye kona ya barabara mbili. Vifaa viliingizwa kwa kificho kutoka Magharibi, nyimbo zikarekodiwa chumbani, kanda ikavushwa, na sahani ikatoka Berlin Magharibi mwishoni mwa miaka ya 1960. Jina lake ni ile anwani tu: Chausseestraße 131. Sikiliza kwa vidude vya masikioni: nyuma ya gita utasikia magari yakipita mtaani. Badala ya kuharibu, yale makelele yanathibitisha kwamba huyu mtu hana studio.

Kama wewe hutaki magari, anza na maikrofoni. Ile inayopokea sauti kutoka pande zote itakuletea dirisha zima. Tafuta inayosikia upande wa mbele zaidi, na mgongo wake uelekeze barabarani. Isogeze karibu: ukipunguza umbali kutoka sentimita 60 hadi 30, sauti yako inaongezeka kwa takriban desibeli 6 ilhali barabara inabaki pale pale. Usiisogeze hadi midomoni, besi itavimba na kila “p” itapiga kama kofi. Pazia zito hupunguza mwangwi wa chumba. Ngurumo za malori halizizuii.

Tukirudi kwa Biermann, huko Mashariki nyimbo zake zilienea kwa kunakiliwa, kanda kwa kanda, na maneno kwa mkono. Kila nakala huongeza mchakacho wake juu ya ule wa nakala iliyotangulia, na mashine mbili zisipokwenda mwendo mmoja, sauti hupanda au kushuka. Hivyo wengi walimjua kwa sauti ambayo si yake hasa.

SWALI: Nifundishe wimbo gani kidato cha tano? (Mwalimu wa Kijerumani, Dodoma)

JIBU: “Ermutigung”, yaani “Kutia moyo”, alioutungia mshairi Peter Huchel, naye akiwa amebanwa na dola. Ni mfupi, mwendo wake ni wa taratibu, na sarufi inajirudia: beti za mwanzo huanza kwa kumwambia mtu asikubali kufanywa hivi au vile. Ubaoni weka jozi: hart (-gumu) na verhärten (kufanya -gumu), bitter (-chungu) na verbittern (kufanya -chungu). Wanafunzi wataona jinsi ver- inavyogeuza sifa kuwa kitenzi.

Watakwama kwenye “lass dich nicht”. Wengi hutafsiri “usijiache”. Waambie wafikirie kauli ya kutendwa: “usikubali kufanywa mgumu”. Tena ile “Du” ya mwanzo ni wito, kama “we bwana”, si kiima. Chapa za zamani zina “laß”, tahajia ya kabla ya mageuzi ya mwaka 1996. Si kosa la chapa.

Wafundishe pia neno Liedermacher, “mtengeneza nyimbo”. Biermann husema alilibuni yeye, kwa kumfuata mwandishi wa tamthilia Bertolt Brecht, aliyejiita “mwandika michezo”. Lina harufu ya karakana, na tunalipenda kuliko “msanii”.

SWALI: Biermann ana udugu na mwimbaji Nina Hagen? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Wa kambo. Biermann aliishi na mama yake Nina, mwigizaji Eva-Maria Hagen. Baada ya Biermann kuvuliwa uraia, mama na binti nao waliondoka Mashariki.

SWALI: Aliwahi kurudi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ukuta wa Berlin ulipofunguka, aliimba Leipzig, mji wa Mashariki, tarehe 1 Desemba 1989. Mwaka 1991 alipewa Tuzo ya Georg Büchner, kubwa kuliko zote za fasihi ya Kijerumani. Tarehe 7 Novemba 2014 alialikwa bungeni Berlin kuimba katika kumbukumbu ya miaka 25 ya kuanguka kwa ukuta. Kabla ya wimbo akaanza kuwashambulia wabunge wa Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto chenye mizizi katika chama kilichotawala Mashariki. Spika, Norbert Lammert, akamkumbusha kwamba kanuni zinamruhusu kuimba. Kuhutubia ni kwa wabunge. Akajibu kwamba hakunyamaza Mashariki, hatanyamaza hapo. Akamaliza kuwasema, ndipo akapiga gita. Wimbo wenyewe ulikuwa “Ermutigung”.