Njoo gofu, dada, na uje na mwenzako

Nikisema nacheza gofu, swali la kwanza huwa la bei. Gofu ina gharama zake, kweli, lakini mimi naamini kinachowazuia wengi kuanza si bei. Dar es Salaam tuna Gymkhana, katikati ya mji upande wa baharini, na Lugalo, ndani ya eneo la jeshi ukishapita Mwenge. Huko kote uwanja uko nyuma ya uzio. Abiria wa daladala anapita miaka nenda rudi bila kujua nani anaruhusiwa kuingia. Binti wa Mbagala netiboli anaikuta shuleni na mpira wa miguu anaukuta mtaani, lakini gofu hataikuta popote asipopata mtu wa kumwambia, "Jumamosi twende wote."

Kwa hiyo ushauri wangu kwa dada au kijana anayetaka kuanza ni huu: usiende peke yako. Tafuta rafiki, dada yako, au mnayefanya naye kazi, mwanze pamoja. Nimewaona wasichana wenye mkono mzuri wakiacha baada ya wiki chache kwa sababu walikuwa peke yao kati ya wanaume wa umri wa baba zao. Waliokuja wawiliwawili hubaki. Wanacheka pamoja mpira ukienda kombo, wanachangia usafiri, na mmoja akichoka mwenzake anampigia simu.

Fimbo usikimbilie kununua. Sheria inaruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, lakini hakuna idadi ya chini. Fimbo namba 7 na ile ya kusukumia mpira shimoni zinatosha kabisa kwa kuanzia, na hizo unaweza kuazima kwa mwalimu au mwanachama, au kununua zilizotumika.

Halafu anzia shimoni, yaani kwa kusukuma mpira uingie kwenye shimo. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu karibu kila mgeni hupelekwa moja kwa moja kwenye uwanja wa mazoezi, akapewa fimbo ndefu na kuambiwa apige mbali. Kiuno kinauma, mpira unaruka hatua kumi, na watu wanamtazama. Angalia hesabu yenyewe: uwanja wa mashimo 18 wenye pa (idadi ya mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji mzuri) ya 72 unahesabu mikwaju miwili ya kusukuma mpira kwenye kila eneo la shimo. Hiyo ni 36, nusu ya mchezo mzima. Na nusu hiyo haidai kifua kipana wala mkono wa nguvu. Inadai jicho, utulivu na mazoezi. Mtoto wa miaka tisa anaweza kumshinda jenerali hapo. Mwanamke ambaye hajawahi kushika fimbo maishani anaweza kuona mpira ukitumbukia siku hiyohiyo ya kwanza, na sauti ile ya mpira kuingia shimoni ndiyo inayomrudisha wiki ijayo. Akishazoea mita moja, asogee hadi tatu, kisha pembeni mwa eneo la shimo, kisha mbali zaidi.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni handikapu, yaani idadi ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji ili aweze kushindana na anayemzidi uwezo. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 unaruhusu handikapu hadi 54.0, sawa kwa mwanamke na mwanamume. Maana yake ni kwamba anayejifunza anaweza kupewa karibu mikwaju mitatu ya ziada kwa kila shimo, akashindana kihalali na mtu aliyecheza miaka ishirini. Ili upate ya kwako unahitaji kuwasilisha matokeo ya mashimo 54 kwa jumla, na unaweza kuyakusanya tisa tisa. Sijui mchezo mwingine unaomwezesha karani na mkurugenzi wake kushindana kwa haki namna hii.

Tisa tisa ni muhimu hasa kwetu wanawake. Mashimo 18 yanakula saa nne au zaidi, na Jumamosi ya mama ina soko, kufua na watoto. Mashimo tisa ni kama saa mbili. Ukianza alfajiri, jua halijawa kali, unarudi nyumbani asubuhi. Kuhusu mavazi, fulana yenye kola na suruali ya heshima vinakubalika kwa kawaida, na hijabu haizuii mkwaju.

Jiandae pia kwa jambo hili: kila mwanaume uwanjani atataka kukufundisha. Wengi wana nia njema. Shukuru, kisha msikilize mwalimu mmoja tu, maana ushauri wa watu watano utakuvuruga mkono.

Wala usikubali kuambiwa huu ni mchezo wa wazee wa kiume. Wanawake walicheza gofu kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1900, kisha wakasubiri hadi Rio 2016 kurudi. Klabu maarufu ya gofu ya Augusta, Marekani, ilipokea wanachama wanawake wa kwanza mwaka 2012 tu. Milango ilifungwa na watu, na watu wameifungua. Hapa kwetu mchezaji Madina Iddi wa Arusha ameibeba bendera kwa miaka mingi, na mashindano ya Lina PG Tour yana jina la marehemu Lina Nkya, aliyeichezea timu ya taifa.

Sasa nanyi wenzangu mlio tayari ndani. Tukitaka vijana, tuwafundishe sheria kwa Kiswahili, tusiwaachie kijitabu cha Kiingereza. Makedi, wale wanaowabebea wachezaji fimbo, wana watoto wa kike na wadogo zao wanaoujua uwanja kuliko wageni wengi. Tuwape saa za mazoezi wakati uwanja hauna watu. Na kila mmoja wetu awalete wawili, si mmoja.

Kwa mzazi: kabla ya kumruhusu binti, piga simu klabuni uulize nani atakuwa naye, vyoo na chumba cha kubadilishia nguo viko wapi, na anamaliza saa ngapi. Siku ya kwanza nenda naye. Lugalo beba kitambulisho, ni eneo la jeshi. Maji, kofia na mafuta ya jua viwe kwenye mkoba, na viatu viwe vya raba visivyoteleza.